Ghala Lililojaa Si Akiba

Tangu mwaka 2024, Tanzania ilipoingia mkataba wa kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ubishi uleule unarudi kila zinapotoka habari za malori ya nafaka kuvuka mpaka. Wapo wanaosema tunauza akiba yetu, na mvua zikigoma tutakwenda kuomba kwa tuliowauzia. Wapo wanaowajibu kwamba vihenge vimejaa, akiba ipo tele, na kuzuia mauzo ni kumnyonga mkulima wa Rukwa na Ruvuma. Nimewasikiliza wote kwa makini, maana wote wana uchungu na jambo lenyewe, na naona wanakutana katika kosa moja: wote wanaita akiba kila punje iliyo chini ya paa la serikali. Chakula hakiwi akiba kwa sababu tu kimo ghalani. Kinakuwa akiba kinapotengwa kwa ajili ya shida fulani, kwa kiasi kinachofahamika, na kwa kanuni inayosema nani atakifungua na wakati gani. Mambo hayo matatu yasipokuwepo, kilichomo ni mzigo, na mzigo unaweza kuwa mkubwa sana siku ya Jumatatu na usiwepo kabisa baada ya mwezi bila mtu yeyote kuvunja sheria.

Kiswahili cha kila siku kinaijua tofauti hii kuliko taarifa zetu za serikali. Mfanyabiashara wa nafaka pale Kibaigwa au Manzese hasemi ana akiba ya mahindi. Husema ana mzigo, mzigo uko stoo, mzigo unasubiri bei. Mkulima akivuna kuliko familia yake inavyoweza kula, kinachobaki ni ziada. Akiba ni jambo jingine. Mchezaji wa akiba hakubaki benchi kwa kukosa kazi. Kocha amemchagua, amemvalisha jezi, na anajua ni hali gani itamfanya amwingize. Mtu anayeambiwa aweke akiba ya maneno anatakiwa ayazuie kwa makusudi, kwa sababu kesho ipo. Jeshi la akiba ni watu waliofunzwa na kuandikishwa, wenye wito unaofahamika. Lugha yenyewe imeyagawa haya tangu zamani: ghala lina asili ya neno la Kiarabu la mavuno, yaani kilichokwisha kuingia, ilhali akiba imetoka katika mzizi wenye maana ya kinachofuata baadaye. Ukitaka kuiona akiba halisi nenda nyumba yoyote ya mkulima wa mahindi asiyenunua mbegu dukani. Masuke mazuri ya mbegu yamefungwa na kuning'inizwa juu ya jiko, moshi uyafukuzie wadudu. Januari inaweza kuwa kali, uchaga ukabaki mtupu, watoto wakanywa uji mwepesi, na bado hata mtoto mdogo anajua yale masuke hayaguswi. Kiasi chake ni kidogo mno kulinganisha na magunia yaliyowahi kupita nyumbani humo, lakini kati ya nafaka yote iliyovunwa, ndiyo peke yake iliyokuwa na kanuni.

Serikali yetu ilifika kwenye wazo la akiba kwa njia ngumu. Ukame na misukosuko ya uzalishaji ya miaka ya 1973 hadi 1975 iliilazimu Tanzania kununua nafaka nje kwa fedha za kigeni zilizokuwa adimu, wakati huo bei ya mafuta nayo imepanda duniani. Hapo ndipo likazaliwa wazo la hifadhi ya nafaka ya taifa, ambayo kwa miaka mingi ilikaa pamoja na shughuli za Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lililokuwa likinunua, likisaga na kuuza. Sheria ya Usalama wa Chakula ya 1991 ikaipa hifadhi hiyo mahali pake, na mwaka 2008 ikaundwa NFRA kama wakala wa serikali. Baadaye serikali ikachukua mkopo wa Poland, dola milioni 55, kujenga vihenge vya chuma na maghala mapya katika maeneo kama Makambako, Songea, Sumbawanga, Mbozi, Mpanda, Shinyanga, Babati na Dodoma, kwa lengo la kupandisha uwezo wa kuhifadhi kutoka tani 251,000 hadi tani 501,000. Vihenge hivyo vinaonekana kutoka barabarani, vinang'aa juani, na kiongozi anayepita hupenda kupigwa picha mbele yake. Si neno, ni kazi nzuri. Ila picha ya kihenge inaonyesha uwezo wa kuhifadhi tu, na kuhifadhi ni kulinda kitu kisiharibike. Jina la wakala lenyewe limetumia neno hifadhi. Kulinda nafaka isiliwe na dumuzi, mdudu anayetoboa punje, ni kazi ya fundi wa ghala. Kuilinda isiuzwe wakati mbaya ni kazi ya sheria, na hii ya pili haijengwi kwa chuma.

Sasa turudi kwenye mkataba wa Zambia, kwa sababu namba zake zenyewe zinatoa jibu ambalo pande zote mbili zimelipita. Zambia ilikuwa imetangaza janga la kitaifa mwishoni mwa Februari 2024, baada ya ukame wa El Niño kuunguza mahindi mashambani. Kiasi walichokubaliana, tani 650,000, kinazidi uwezo wote wa tani 501,000 uliokusudiwa na mradi wa vihenge. Kwa hiyo haiwezekani kwamba mkataba ule ulikuwa wa kuuza tulichokwisha kuweka. Ulikuwa mkataba wa kununua kwa wakulima na kuuza kwa jirani kwa miezi kadhaa mfululizo, mahindi yakipita ghalani kama abiria wanavyopita stendi. Wanaolia kwamba akiba yote imeuzwa wamekosea hapo. Lakini wanaojibu kwamba akiba ipo salama kwa sababu maghala yamejaa wamekosea zaidi, maana ghala linaloweza kujaa kwa ajili ya mteja wa nje haliwezi kutumika kama ushahidi kwamba kuna kilichotengwa kwa ajili yetu. Katika ghala moja, chini ya meneja mmoja, kuna mahindi yanayosubiri lori la Tunduma, mpakani na Zambia, na mahindi yanayosubiri njaa ya Simiyu, na kwa mwananchi anayesoma taarifa yote yameitwa jina moja.

Kuna hesabu nyepesi ninayopenda kila mtu aifanye mwenyewe. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Gawanya tani 501,000 kwa idadi hiyo: kila mtu anapata kilo nane na kidogo. Mtu akila nusu kilo kwa siku, zinaisha siku ya 16. Ukisimama hapo unaweza kuogopa, na wapo wanaotumia hesabu ya namna hii kuogopesha watu. Lakini hakuna njaa inayompiga kila Mtanzania siku moja, kuanzia Kyela hadi Rorya. Chukua mwaka mbaya unaogusa mtu mmoja kati ya 20, watu milioni tatu na ushee, na nafaka ileile inawalisha zaidi ya siku 320. Tani hazijabadilika hata moja. Kilichobadilika ni swali: akiba ya nani, kwa muda gani. Ndiyo maana tangazo linalosema tuna tani kadhaa ghalani, halafu likaishia hapo, halijamwambia mwananchi chochote anachoweza kukitegemea. Bado hatujauliza ziko wapi. Sumbawanga ikiwa na tani 50,000 na Maswa haina kitu, yule wa Maswa anahitaji malori, barabara na fedha za kusafirishia kabla neno akiba halijawa na maana yoyote kwenye sufuria yake.

Mfano ninaourudia kila ninapozungumza jambo hili ni wa Malawi, kwa sababu uko karibu na kwa sababu waliokosea hawakuwa wajinga. Malawi iliunda wakala wake wa hifadhi ya chakula mwaka 1999. Mavuno ya misimu iliyofuata yalikuwa mazuri, na hifadhi ikafika takribani tani 167,000. Nafaka hiyo ilikuwa imenunuliwa kwa mkopo wenye riba kali, na kila mwezi uliopita deni lilizidi kunenepa. Washauri wakapendekeza hifadhi ipunguzwe hadi kati ya tani 30,000 na 60,000, kwa hoja kwamba kuweka nafaka nyingi ni gharama, nafaka inazeeka, na upungufu ukitokea fedha zitanunua. Ushauri ulitokana na utafiti uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, Shirika la Fedha la Kimataifa likaubeba, na baadaye likakana kwamba liliagiza kuuza yote. Kwenye karatasi kila sentensi ya ushauri ule ilikuwa na mantiki. Kilichofuata ni kwamba karibu nafaka yote iliuzwa, sehemu yake ikiangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa ndani walioiweka wakisubiri bei, na wakati huohuo mafuriko ya mwaka 2001 yakawa yamepunguza mavuno. Watakwimu walitulizwa na makadirio makubwa ya mihogo na viazi, wakaamini pengo la mahindi litafunikwa. Halikufunikwa. Kufikia mwanzoni mwa 2002 bei ya mahindi ilikuwa imepanda mara kadhaa, watu wakala maganda na mizizi ya porini, na tarehe 27 Februari 2002 Rais Bakili Muluzi akatangaza hali ya janga. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana, kutoka mamia hadi maelfu.

Wengi wakisimulia kisa hicho humtafuta mwizi, na ni kweli kwamba mauzo yale yaligubikwa na tuhuma. Mimi nakisoma tofauti. Hata kama kila gunia lingeuzwa kwa risiti halali na kila kwacha ikafika benki, Malawi ingebaki na njaa ileile, kwa sababu hakukuwa na kizuizi chochote chenye nguvu ya kusema: hapa tumefika, kilichobaki hakiuzwi hata mnunuzi aje na fedha mkononi. Ilikuwa na ghala, wakala, washauri na takwimu. Sakafu haikuwepo. Tena angalia aliyekuwa akiisukuma nafaka nje: deni. Wakala aliyekopa ili anunue analazimika kuuza ili alipe, na mkopeshaji hajui wala hajali kama mvua za Novemba zitanyesha. Kila ninaposikia kwamba wakala wa chakula ajitegemee, ajiendeshe kibiashara, apunguze mzigo kwa bajeti ya serikali, nafikiria riba ile ya Lilongwe. Biashara nzuri ni kuuza bei inapopanda. Akiba nzuri hutolewa bei inapopanda pia, lakini kwa watu wasioweza kuilipa.

Kosa la upande wa pili lipo pia, na India imelionyesha waziwazi kuliko nchi yoyote. Mwaka 2001 maghala ya serikali yake yalikuwa na zaidi ya tani milioni 50 za ngano na mchele, nyingine zikioza nje chini ya maturubai, huku majimbo yaliyopigwa na ukame yakiripoti watu wanaokufa kwa kukosa chakula. Shirika la kutetea haki za raia likaenda Mahakama ya Juu, likauliza swali ambalo mkulima yeyote angeuliza: nafaka hiyo imewekwa kwa ajili ya nani? Kesi hiyo ilibadilisha sera ya chakula ya nchi ile. Leo India hutangaza kiwango cha chini cha nafaka kwa kila robo mwaka: tani milioni 41.12 ifikapo tarehe 1 Julai, baada ya mavuno ya ngano, na milioni 21.41 ifikapo tarehe 1 Januari. Ndani ya viwango hivyo imetenga tani milioni tano, tatu za ngano na mbili za mchele, kuwa akiba ya dharura, mbali na nafaka ya mgawo wa kila mwezi. Nafaka inaweza kuwa katika ghala moja na kulindwa na askari mmoja, lakini kwenye daftari kuna mstari, na kila mkaguzi, mwandishi wa habari na mbunge anaujua. Bado India ina matatizo yake ya kulimbikiza kupita kiasi. Lakini ubishi wao huanzia kwenye namba inayojulikana, na wetu huanzia kwenye hisia.

Katika ubishi wetu ipo hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo yenye wafuasi wengi: kwamba tatizo ni wafanyabiashara wanaoficha mahindi, na serikali ikiwabana, chakula kitapatikana. Tumewahi kuijaribu. Mwaka 1983, katika kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, kuwa na bidhaa stoo kuliko kiasi fulani kulikuwa ushahidi wa kutosha kukupeleka mbele ya mahakama maalumu. Nia ilikuwa kuwalinda wanyonge, na wapo walanguzi waliostahili kukamatwa. Lakini watu walitupa sabuni na sukari usiku kwa kuogopa, na maduka hayakujaa. Sababu ni rahisi. Mahindi huvunwa katika miezi michache na huliwa miezi 12. Lazima mtu ayaweke kati ya Julai na Machi, na kuyaweka kuna gharama: gunia, dawa, pango la stoo, kilo zinazopotea, fedha iliyolala. Anayebeba gharama hiyo hulipwa na tofauti ya bei. Ukimfanya mhalifu, hutaongeza punje moja. Utahakikisha mwakani hakuna anayeweka, mahindi yote yanauzwa mwezi wa saba kwa bei ya kutupa, na mwezi wa pili hayapo. Mlanguzi anayestahili lawama ni yule mwenye nguvu ya kulifunga soko zima, na nguvu hiyo huipata pale hasa serikali inapokuwa haina akiba ya kufungua. Alichokifanya mfanyabiashara wa Malawi mwaka 2001 kiliwezekana kwa sababu alijua ghala la taifa ni tupu.

Hoja nyingine dhaifu ina sura ya kitaalamu zaidi. Tunaambiwa utoshelevu wa chakula nchini umezidi asilimia 120, kwa hiyo hofu ya akiba haina msingi. Utoshelevu ni uwiano wa makadirio ya mavuno na makadirio ya mahitaji kwa mwaka mmoja. Unajumlisha mahindi, mchele, mihogo, ndizi, viazi na mikunde, wa mikoa yote, kabla panya, dumuzi na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, havijachukua fungu lao. Ni kipimo halali cha kazi ya wakulima, na wakulima wetu wanastahili sifa. Lakini ziada hiyo haina mwenyewe mmoja. Imo kwenye uchaga wa familia ya Mbinga, kwenye stoo ya dalali wa Makambako, kwenye lori lililoegeshwa Tunduma. Hakuna afisa anayeweza kuiamuru iende Bahi kesho asubuhi. Malawi nayo ilihesabu mihogo ikaona imetosheka.

Hoja yenye nguvu ya wapinzani wa akiba kubwa inastahili kusikilizwa kwa heshima, maana ina ukweli. Wanasema: methali yetu husema akiba haiozi, lakini mahindi yanaoza. Dumuzi, ambaye katika maeneo mengi wakulima walimwita Skania, alikuwa ameingia Tanzania kutoka Amerika kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo gunia lisilotiwa dawa linaweza kugeuka unga ndani ya msimu mmoja. Sumukuvu ni hatari zaidi kwa kuwa haionekani: mwaka 2004 mashariki mwa Kenya waliugua watu 317 na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, na mwaka 2016 Dodoma na Manyara zilipoteza watu wapatao 20. Nafaka ya serikali lazima izungushwe, ya zamani itoke na mpya iingie, na kuizungusha maana yake ni kuiuza. Ukimzuia wakala asiuze kabisa, baada ya miaka michache unalinda vumbi. Isitoshe, wakala anayenunua kwa bei nzuri Laela au Namtumbo ndiye mteja wa uhakika aliyebaki kwa mkulima mdogo, na ili anunue msimu ujao lazima awe ameshauza wa msimu huu. Kwa nini basi tusiweke sehemu ya akiba kwa fedha? Kenya iliwahi kuwa na sera ya aina hiyo, magunia milioni nane, nusu mahindi na nusu thamani yake kwa fedha taslimu.

Nakubaliana nao kuhusu kuzungusha. Kuhusu fedha, nakubali nusu tu. Fedha haziliwi na dumuzi, hilo ni kweli, lakini zinahitaji muuzaji, na miaka tunayohitaji kununua ndiyo ambayo wauzaji hufunga milango. Mwaka 2008 nchi kubwa za mchele zilizuia mauzo zikilinda watu wao. Mei 2022 India ilizuia ngano, na Julai 2023 ikazuia mchele mweupe wa kawaida. Hatuna haki ya kuwashangaa: Tanzania yenyewe ilizuia mahindi yasitoke mwaka 2011, ikazuia tena 2017, na Machi 2021 Kenya ikafunga mpaka wake kwa mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu kabla ya kulegeza siku chache baadaye. Ukanda huu unapata ukame wa pamoja. Zambia, Malawi na Zimbabwe zote zilitangaza janga kati ya Februari na Aprili 2024, na zote zikaanza kutafuta mahindi meupe ambayo ni nchi chache duniani huyalima kwa ajili ya chakula. Siku hiyo akaunti yenye shilingi haitofautiani sana na ya jirani yenye kwacha. Mnapigania gunia moja. Kisha fedha zina udhaifu mwingine ambao nafaka hainao. Zinaweza kuhamishwa kwa barua moja kwenda kulipa kitu kingine cha haraka, na hakuna mwananchi atakayeona ghala limepungua.

Linalonishangaza ni kwamba serikali zetu zinajua vizuri jinsi ya kutunza akiba, zikitaka. Angalia akiba ya fedha za kigeni. Benki Kuu haituambii tu kwamba ina dola kadhaa. Inatuambia zinatosha kuagiza bidhaa na huduma kwa miezi mingapi, na kiwango cha nchi ni kisichopungua miezi minne. Jumuiya ya Afrika Mashariki imejiwekea miezi minne na nusu. Ikishuka chini ya hapo, magazeti yanaandika, wawekezaji wanauliza, wabunge wanasimama. Dola zile nazo zinazungushwa kila siku, zinauzwa na kununuliwa, wala hakuna anayelalamika kwamba tunauza akiba, kwa kuwa sakafu inajulikana na muda unajulikana. Sijaona sababu ya mahindi kupewa heshima ndogo kuliko dola.

Kinachotakiwa, basi, ni NFRA itangaze hesabu yake kwa mafungu: hiki ni cha biashara na kuzungusha, hiki ni akiba, na akiba hii inatosha kuwalisha watu wangapi kwa siku ngapi katika kanda ipi. Fungu la akiba lisiguswe kwa mkataba wowote wa nje. Masharti ya kulifungua yaandikwe mapema, kwa mfano bei ya soko katika wilaya fulani ikipanda kupita kiwango fulani kwa wiki kadhaa mfululizo, ili mkuu wa wilaya asilazimike kusubiri tume, na ili asiweze kulifungua kwa sababu uchaguzi umekaribia. Gharama ya kulitunza fungu hilo, pamoja na hasara ya kulizungusha, ilipwe na bajeti ya serikali bila aibu, kama tunavyolipia zimamoto katika mwaka ambao hakuna kilichoungua. Na ile kazi ya kununua ili kumpa mkulima bei, na kuuza kwa majirani, ipewe daftari lake, pengine chombo chake. Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko iliundwa kwa sheria ya 2009 kufanya biashara ya nafaka. Sioni kwa nini biashara irudishwe kwa mlinzi. Kenya imetuonyesha kinachotokea kazi hizi zikichanganyika: mwaka 2018 iliibuka kashfa ya wafanyabiashara kulipwa mabilioni na bodi ya nafaka ilhali wakulima wa Uasin Gishu na Trans Nzoia wakisubiri malipo yao, na sehemu kubwa ya ununuzi huo ilifanywa kwa jina la hifadhi ya taifa.

Mtihani wa kanuni kama hii hautakuja mwaka wa njaa. Mwaka wa njaa kila mtu anakubali kwamba akiba ni muhimu. Utakuja mwaka wa neema, mavuno yakiwa makubwa kuliko kawaida, ghala la Songea limejaa nafaka ya mwaka juzi, foleni ya matrekta na malori ya wakulima imefika barabara kuu, bei imeanguka, na mnunuzi wa nje amesimama getini na fedha taslimu akitaka yote, pamoja na fungu lililotengwa. Meneja wa kanda atapigiwa simu na mbunge, na mkuu wa mkoa, na pengine na wizara. Wakulima watakuwa na haki ya kukasirika, na mahindi yaliyozeeka yatakuwa kweli yanahitaji kutoka. Ikiwa kanuni imeandikwa, atauza ya zamani gunia kwa gunia kadiri mapya yanavyopimwa na kuingia, foleni itakwenda polepole, na fungu halitapungua hata siku moja. Ikiwa haijaandikwa, atauza yote kufikia Ijumaa, na kwa taratibu za sasa hakuna atakayeweza kumwambia amekosea wapi.